Kreti ya Soda

Jumatano, tarehe 7 Agosti, saa nne na robo asubuhi. Upepo wa kipupwe ulivuma kutoka mashariki, na vumbi la viwanja vya maonyesho ya Nanenane vya Nzuguni, Dodoma, lilikuwa limefika usawa wa viuno vya watu. Katika banda la duka moja la miwani, Nasma Idi alikuwa amekwisha kupima macho ya watu thelathini na mmoja. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alivaa koti jeupe juu ya gauni la samawati, na ushungi wake wa rangi ya maziwa aliubana kwa pini mbili ili upepo usiuchukue.

Mtu wa thelathini na mbili hakuja kupimwa. Aliingia ameziba jicho la kushoto kwa kiganja. Ovaroli lake la kijani lilikuwa na madoa ya mafuta, na alinukia alizeti iliyokaangwa.

"Dada, samahani. Kuna kitu jichoni."

"Keti. Toa mkono."

"Nikiutoa, vumbi litaongezeka."

"Usipoutoa nitakupeleka banda la mifugo. Kule hawaombi mara mbili."

Akautoa mkono. Nasma akamwinua kidevu kwa vidole viwili.

"Tazama juu. Juu, kaka, si kwangu."

"Wewe ndiye uliye juu."

"Kwa maneno hayo utaondoka na vumbi lako."

Halikuwa vumbi. Nasma alitoa ganda dogo jeusi kwa ncha ya pamba, akamwonyesha.

"Ganda la alizeti. Ulilala shambani?"

"Nalala na mashine. Naitwa Swalihu. Banda letu ni lile linalopiga kelele."

"Kumbe ni ninyi mnaowafanya wazee wangu wasinisikie!"

"Basi niite mimi. Nitakuwa nawasomea herufi."

Alasiri alirudi na chupa ya mafuta ya nusu lita, akasema ni ada ya matibabu. Aliondoka na namba ya simu.

Swalihu Athumani alikuwa na miaka thelathini na moja. Alizaliwa Mombasa na kujifunza kazi huko huko, katika viwanda vya mafuta ya kula. Kiwanda kimoja cha Kizota kiliponunua mtambo wa kusafishia mafuta, kilimleta Dodoma kwa mkataba wa miaka miwili. Alikuwa na vibali viwili, cha kazi na cha ukaazi. Vyote viwili viliandikwa jina la kiwanda. Vyote viwili vilikuwa vinakwisha tarehe 30 Aprili.

Hakuna aliyemuuliza habari za vibali hivyo. Kiswahili chake kilikuwa safi. Ijumaa alisali safu ya pili, kanzu imepigwa pasi. Mafundi wa Kizota walimwita mwenyeji. Nasma alijua kuwa mpenzi wake anatoka Mombasa kama mtu anavyojua kuwa jirani yake anatoka Tanga. Aliijua habari hiyo, kisha akaiweka mahali asipoiona.

Simu zao zilikuwa za kila mchana, wakati wa mapumziko.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula ugali na mlenda."

"Mtu wa pwani, mlenda! Nani amekulisha?"

"Bibi Cecilia, yule jirani yenu. Amesema asiyemeza mlenda haoi Dodoma."

"Na nani amesema unaoa?"

"Mimi sijasema. Ameusema mlenda."

Nasma alicheka hadi mteja akageuka. Kufikia Desemba, Swalihu alikuwa amekwisha kutambulishwa kwa Rajabu, baba mdogo wa Nasma, ambaye alimlea tangu baba yake alipofariki. Rajabu alikuwa na duka la vitenge sokoni Majengo. Alimpima kijana kwa maswali matatu, akaridhika, akasema posa izungumzwe baada ya mfungo.

Ijumaa tarehe 10 Januari alifariki Bi. Mwanaidi, bibi yake Nasma. Walimzika kesho yake saa kumi kasoro, huko Nzuguni, baada ya mvua ya asubuhi.

Ukoo wa Bi. Mwanaidi ni Wanyamwezi waliofika Dodoma na misafara ya biashara zamani na kubaki. Watani wao ni Wagogo. Kwa hiyo msiba ule ulikuwa na kilio upande mmoja na vicheko upande mwingine, kama desturi inavyotaka. Kiongozi wa watani alikuwa Bibi Cecilia, mwenye miaka sitini na minane, aliyefunga kaniki kiunoni na kushika jembe la kaburini kama fimbo ya mkuu.

"Wabeba mizigo ninyi!" aliwaambia wafiwa. "Babu zangu waliwatoza ushuru mlipopita hapa. Mkadhani deni limekwisha? Leo natoza mimi."

Alichukua baiskeli ya mjomba mmoja. Akachukua birika la udhu. Kila kitu kilikombolewa kwa kitu kidogo, sukari au soda, na wafiwa walisahau machozi kwa muda. Kisha akaliona gari la kiwanda.

Kiwanda kilikuwa kimetuma pikapu kuleta rambirambi, kwa heshima ya Swalihu. Aliyekuja nayo ni Nikodemo, msimamizi wa zamu, mtu wa Bukoba. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na viatu vilivyong'aa, na alisimama mbali kidogo na matope. Alipokwenda makaburini, aliacha mkoba mweusi juu ya kiti cha pikapu, na kioo kiko wazi. Ndani ya mkoba kulikuwa na kompyuta ya kiwanda.

Bibi Cecilia aliuchukua mkoba, akampa Nasma.

"Mkwe wenu akae nao. Wenye gari wakiutaka, kreti moja ya soda."

Nasma alikuwa amelia tangu jana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Alimfuata Swalihu penye pikipiki yake, akamvika mkoba begani.

"Umeshakuwa wa kwetu sasa. Umepewa mateka."

"Nifanye nini nao?"

"Ondoka nao. Wasipotoa soda, hawaupati. Kesho watakuja kwako wanacheka, wewe kaza."

"Na Nikodemo anaujua utani huu?"

"Nani asiyejua utani?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Wenye desturi hudhani kila mtu anayo.

Swalihu aliondoka saa kumi na moja kwenda chumbani kwake Area D. Nikodemo alirudi penye gari dakika ishirini baadaye. Bibi Cecilia alikuwa amekwenda kwake kupumzika, na Nasma alikuwa ndani na wanawake. Aliwauliza vijana wa maturubai. Mmoja alisema amemwona fundi Swalihu akiondoka na mkoba mweusi. Nikodemo alimpigia Swalihu mara mbili. Simu ilikuwa mfukoni, pikipiki inanguruma; Swalihu alipoziona usiku, alidhani ni utani, akakaza. Nikodemo hakupiga mara ya tatu. Alikwenda kituo cha polisi.

Jumapili, saa moja asubuhi, mlango wa Swalihu uligongwa. Alifungua akiwa na mswaki mkononi. Mbele yake walisimama watu wawili wenye mavazi ya kiraia, mwanamume na mwanamke. Hakuwajua. Alidhani wametumwa na wenye gari, akakumbuka maagizo.

"Mmekuja kukomboa?" aliuliza akicheka. "Soda ziko wapi? Bila kreti moja hamwondoki nao."

Mwanamke yule alitoa daftari, akaandika. Kisha akatoa kitambulisho cha polisi.

Saa tatu simu ya Nasma iliita. Namba ilikuwa ngeni.

"Nasma, ni mimi. Usishtuke, mpenzi. Niko polisi."

"Umepata ajali?"

"Hapana. Ni ule mkoba."

"Mkoba gani? Wa utani?" Nasma alicheka kidogo. "Waambie ni utani!"

"Nimewaambia. Wameandika." Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Sikiliza. Usije hapa. Na asije Bibi Cecilia. Sijataja jina la mtu."

"Kwa nini usitaje? Swalihu? Swalihu!"

Simu ilikuwa imekatika.

Jumanne alifikishwa mahakamani kwa shtaka la wizi. Maelezo ya polisi yalisema kwamba mshtakiwa alikutwa na mkoba chumbani, na kwamba alidai kreti moja ya soda kabla ya kuurejesha. Hakukuwa na neno hata moja la uongo katika maelezo hayo. Swalihu alikana shtaka. Alipata dhamana. Rajabu alimdhamini, pamoja na Ernest, fundi umeme wa kiwandani. Hakimu aliagiza mshtakiwa akabidhi pasipoti yake mahakamani na asitoke nje ya mkoa. Kesi ilipangwa kutajwa tarehe 27. Mchana huo huo kiwanda kilimsimamisha kazi.

Jioni Rajabu alikaa sebuleni, akakunja mikono ya kanzu, akatoa uamuzi.

"Tarehe 27 abadilishe jibu. Akiri. Atatozwa faini, tutalipa, yaishe siku moja. Mimi nimekiri mara mbili pale, kwa mambo ya leseni. Leo nani anakumbuka?"

"Lakini hakuiba, baba."

"Sikusema ameiba. Nimesema akiri. Asipokiri, kesi itasikilizwa. Mama yangu hajamaliza arobaini, na kilio chake kitasomwa mbele ya watu. Cecilia atapandishwa kizimbani. Na wewe je? Nani alimvika mkoba ule? Unataka kukaa pale pale alipokaa yeye?"

Nasma alikuwa na hofu, na hofu ile ilimsikiliza baba mdogo haraka kuliko ilivyostahili.

Alikutana na Swalihu Jumamosi saa tisa alasiri, katika mgahawa mdogo karibu na stendi ya bajaji ya Area D. Swalihu alivaa shati la bluu lililomlegea mabegani. Alikuwa amekonda kwa siku sita.

"Kiri tu, kipenzi," Nasma alisema. "Ni dakika kumi. Baba atalipa."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi kukiri, Nasma."

"Kwa nini?"

Swalihu aligeuza kikombe cha chai. Barabarani bajaji mbili zilipishana, madereva wakatukanana kwa furaha.

"Sikuiba."

"Kila mtu anajua hukuiba! Hilo si jibu. Bibi wa watu ana miaka sitini na minane. Unataka aulizwe maswali na mwanasheria? Unataka msiba wetu uwe kichekesho?"

"Sitamtaja. Sitakutaja na wewe."

"Utajiteteaje bila kututaja? Utawaambia mkoba ulikufuata wenyewe?"

Swalihu alisukuma kikombe kando.

"Unajua ninachokiona?" Nasma alisema. "Naona kiburi. Jina lako ni kubwa kuliko watu wangu. Ulipovikwa ule mkoba nilikuambia umekuwa wa kwetu. Nilikosea."

"Nasma, kaa."

"Nilikosea, Swalihu."

Alitoka. Swalihu alimpigia mara nne jioni ile. Nasma aliitazama simu ikiita mezani, akaigeuza uso chini.

Siku sita zilipita bila neno. Dodoma ilipata mvua mbili kubwa. Katika siku hizo watu watatu walifika kiwandani kumwuliza Ernest kama ni kweli fundi wa mtambo ni mwizi, na Ernest aliwajibu watatu wote kwa hasira. Swalihu hakutoka chumbani ila kwa sala.

Jumatatu tarehe 27 ndiyo ilikuwa siku ya mahakama. Ijumaa iliyotangulia, saa tano asubuhi, wakili Devota alifika dukani kuchukua miwani yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye suti ya kijivu na viatu vya kutembelea. Alipokuwa akijaribu miwani mbele ya kioo, alimwona Nasma machoni.

"Wewe mwenyewe unahitaji miwani au umelia?"

Nasma alimwambia. Alieleza habari ya mkoba, soda na kiburi. Devota alisikiliza bila kugeuka. Kisha akauliza.

"Ni raia wa wapi?"

"Wa hapa. Yaani..." Nasma alisita. "Ni Mkenya. Anafanya kazi Kizota."

Devota alivua miwani, akaiweka mezani polepole.

"Kwa kibali?"

"Nadhani. Ndiyo."

"Na ninyi mnamshauri akiri wizi."

"Ni faini tu, wakili."

"Kwa baba yako ni faini. Sikiliza, mdogo wangu. Kijana huyu hakai hapa kwa haki ya kuzaliwa. Anakaa kwa ruhusa, na ruhusa ina masharti. Kushtakiwa peke yake si hatia, ingawa kunatosha kumtikisa. Akikiri, ni hatia, hata faini iwe ndogo kiasi gani. Akiwa na hatia ya wizi, kibali kinaweza kufutwa. Anaweza kuamriwa kuondoka nchini, na jina lake likabaki kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia tena. Si mwaka huu tu. Huenda asiingie hata kwa harusi yake mwenyewe."

Nasma alishika ukingo wa meza.

"Hakuniambia."

"Kibali chake kinakwisha lini?"

"Sijui."

"Pasipoti iko wapi?"

"Mahakamani."

"Basi hata maombi ya kuongeza muda yatakuwa na shida, maana yanahitaji pasipoti, na barua ya mwajiri. Mwajiri ndiye aliyemshtaki?"

"Ni msimamizi wake."

Devota alichukua mkoba wake. "Mwambie Jumatatu asifungue mdomo kabla sijafika."

Nasma aliomba ruhusa ya saa moja. Alimkuta Swalihu amekaa kizingitini, akifua kanzu kwenye beseni jekundu. Alipomwona alisimama, mikono inachuruzika povu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nasma aliuliza kabla ya salamu.

"Nini?"

"Kwamba nilikuwa nakuomba ujifukuze mwenyewe!"

Swalihu alitazama beseni.

"Kiwandani wapo wanaonitazama na kuona kibali," alisema. "Nikichelewa, kibali. Nikibishana, kibali. Fundi mwenzangu wa Kisumu aligombana na mtu baa, akakiri ili alale nyumbani. Mwezi uliofuata alikuwa ameshaondolewa nchini. Wewe hukuwahi kunitazama hivyo. Ulinitazama kama mtu atakayekuwapo mwakani. Nilijua siku nikikueleza, utaanza kuhesabu."

"Kwa hiyo ukaacha nikuite mwenye kiburi?"

"Kiburi ni afadhali."

"Mjinga wewe." Nasma alikuwa analia. "Mjinga mkubwa wa pwani. Kinakwisha lini?"

"Tarehe 30 Aprili."

Nasma alihesabu. Ilimchukua muda mfupi.

"Nitasimama mahakamani," alisema. "Mimi ndiye niliyekuvika mkoba."

"Hapana. Watakugeuzia kesi."

"Wageuze. Mimi siwezi kufukuzwa Dodoma. Hilo ndilo nililo nalo na wewe huna. Acha nilitumie."

Swalihu alinyosha mkono wenye povu, akaurudisha. Nasma akaushika vile vile.

Tarehe 27 Devota alisimama upande wa mshtakiwa. Jibu halikubadilika. Rajabu alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alipoelewa kuwa Nasma ataitwa kuwa shahidi, alitoka nje bila kumsubiri. Jioni alimwambia neno moja tu.

"Umechagua."

Ramadhani iliingia mwezi Machi. Katika nyumba ya Rajabu huko Nzuguni futari iliandaliwa juu ya mkeka mmoja, na Rajabu hakusema na Nasma. Alimwomba mkewe amwambie Nasma apitishe tende. Nasma alipitisha tende. Mwajiri wa Nasma alimwita na kumwuliza kama ni kweli ametajwa katika kesi ya wizi. Nikodemo aliitwa ofisini na kuambiwa kuwa kiwanda hakitaki kutajwa magazetini. Kila upande palikuwa na mtu anayeogopa, na kila aliyeogopa alisogea hatua moja mbali na Swalihu.

Ushahidi ulisikilizwa siku mbili. Nikodemo alisema ukweli mtupu. Aliacha mkoba, akaukosa, akaripoti.

"Je, hukuwahi kusikia habari za utani wa msibani?" Devota alimwuliza.

"Sikuwahi kuuona wakati huo. Kwetu msibani mtu hacheki."

Kisha akapanda Bibi Cecilia, amevaa gauni la kanisani na kilemba cheupe. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye tai nyembamba.

"Bibi, ulichukua mkoba usio wako?"

"Niliuchukua."

"Bila ruhusa ya mwenyewe?"

"Utani ukiomba ruhusa si utani, mjukuu wangu. Wewe kwenu wapi?"

"Bibi, hapa ninauliza mimi."

"Si mtani wangu huyu," Bibi Cecilia alimwambia hakimu. "Mtani angekwisha kunijibu."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliandika, akauliza kama wanaotaniwa hupewa taarifa. Bibi Cecilia alitafakari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Hawapewi, mheshimiwa. Tulidhani aliyekuja msibani ni wa msiba."

Nasma alikuwa wa mwisho. Alivaa baibui jeusi na hakutazama benchi la nyuma.

"Nani alimpa mshtakiwa mkoba?" Devota aliuliza.

"Mimi."

Hakimu aliinua kichwa. "Shahidi, unaelewa kuwa maneno yako yanaweza kutumika dhidi yako?"

"Naelewa, mheshimiwa. Nilimvika mimi, na maneno ya soda nilimfundisha mimi. Hakuyatunga."

Swalihu alifumba macho. Nikodemo, aliyekuwa pembeni, alimtazama Nasma kwa muda mrefu, kisha akatazama viatu vyake.

Hukumu ilisomwa Alhamisi tarehe 10 Aprili, saa nne asubuhi. Mahakama haikuona nia ya kuiba. Swalihu aliachiwa huru, na pasipoti yake ikarudishwa mikononi mwake. Bibi Cecilia alipiga vigelegele kwenye ngazi hadi askari akamwomba ashuke chini.

Furaha ile ilidumu saa mbili. Saa sita mchana Ernest alifika na pikipiki, akampa Swalihu bahasha ya kiwanda. Mkataba wake utakwisha tarehe 30 na hautaongezwa, kutokana na mahitaji ya kazi. Barua ilikuwa imeandikwa Jumatatu, siku tatu kabla ya hukumu.

Devota aliisoma mara moja.

"Hatuwezi kuilazimisha. Kibali kina jina la mwajiri, na mwajiri amejiondoa. Mwajiri mpya angelazimika kuanza maombi upya, na siku ishirini hazitoshi. Lakini elewa tofauti. Hukuhukumiwa. Hakuna amri ya kukuondoa. Utatoka kwa miguu yako, na mlango nyuma yako hautafungwa."

"Utafungwa nusu," Swalihu alisema.

"Nusu," Devota alikubali.

Alasiri ile wapenzi wawili walikaa ukutani nje ya chumba cha Area D. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka kuwa mkavu. Swalihu alizungumza akitazama barabara.

"Sijui nitapata kazi ya kunirudisha lini. Inaweza kuwa mwaka. Sitaki unisubiri, Nasma. Mtu husubiri kitu chenye tarehe."

"Nani amekuambia nasubiri?"

"Basi."

"Basi nini? Unajua kuagana tu, kuuliza hujui? Nimetazama hali ya mambo. Wewe huwezi kubaki kwangu. Mimi naweza kwenda kwako. Macho ya watu wa Mombasa hayana ugonjwa?"

Swalihu aligeuka.

"Kule utakuwa mgeni. Kufanya kazi utahitaji kibali. Watakuuliza kila kitu walichoniuliza mimi. Ukigombana na mpangaji mwenzako, ukikosea njia, ukicheka mbele ya mtu asiyekuelewa, utakuwa na kitu cha kupoteza."

"Najua. Nimejifunza kwako."

"Sitaki uogope kila siku."

"Wewe uliogopa miaka miwili ukala na mlenda juu yake. Nami nitaogopa." Alimpiga bega kwa bega. "Sasa uliza. Au unataka niulize mimi, Bibi Cecilia apate la kuwasimulia Wagogo wote?"

Swalihu alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nasma Idi, utanikubali?"

"Mwulize baba mdogo. Mimi nimekwisha kukubali mbele ya hakimu."

Rajabu aliulizwa Ijumaa baada ya sala. Alikunja na kukunjua mkono wa kanzu. Kisha alimwomba Swalihu radhi kwa ushauri wake. Alisema hakujua kuwa faini moja inaweza kuwa na bei mbili.

Baada ya hapo kila mmoja alifanya yafuatayo. Swalihu aliuza pikipiki na kuvuka mpaka wa Horohoro Jumanne tarehe 29 Aprili, saa nane mchana. Nikodemo aliendesha mtambo bila fundi kwa siku tisa, ukasimama, akamleta fundi kutoka Singida. Ernest alihamia karakana nyingine ya Kizota. Devota alipokea kesi ya mpishi wa Kimalawi aliyekamatwa kwa ugomvi wa baa, na swali lake la kwanza lilikuwa ni la uraia. Bibi Cecilia alivuna uwele, na msibani hakuchukua tena kitu cha mtu asiyejua kwao ni wapi. Rajabu alisafiri hadi Mombasa, akamwozesha Nasma Jumamosi tarehe 14 Juni, akarudi dukani kwake. Jumatatu iliyofuata Nasma alikwenda na mumewe kuulizia kibali cha kufanya kazi katika duka la miwani. Alijaza fomu kurasa nne, akajibu kuwa hajawahi kushtakiwa, akaambiwa arudi baada ya wiki sita.